Sura ya Nne: Hakuna Malaria, Lakini Mtoto Bado Anaumwa

Ukiteremka kutoka Kitale kwenda Bungoma kwa barabara ya Webuye, unapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, na kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyoongezeka. Kitale imekaa karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Bungoma uko chini yake kwa takriban mita 500. Msafiri atavua koti tu, lakini mbu anapata mahali pa kuishi. Wizara ya Afya inaihesabu Bungoma katika ukanda wa ziwa, ambako malaria haina likizo, na Trans Nzoia katika nyanda za juu, ambako malaria huja kwa msimu na mara nyingine kwa mlipuko. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea vya malaria katika damu ya watoto 6 kati ya kila 100 waliopimwa nchini. Katika ukanda wa ziwa walikuwa 19.

Kwa hiyo mama wa Bungoma aliyeamka akakuta mtoto anawaka moto hakosei akisema "ni malaria" kabla ya kipimo chochote. Hayo ndiyo aliyoyaona kwa mama yake, na mama yake aliyaona kwa kukhu, yaani bibi. Atakwenda kwanza duka la dawa, maana liko karibu, halifungwi mapema, na mwenye duka hamfokei kwa kuchelewa. Wataalamu wengi wamewalaumu akina mama kwa mazoea hayo. Mradi mmoja uliofanyika Bungoma mwanzoni mwa karne hii ulifanya jambo la busara zaidi: wauzaji wa jumla walifundishwa dawa sahihi ya malaria na kiasi chake, nao wakawapa mabango na maelezo wenye maduka madogo waliokuja kununua bidhaa kwao. Elimu ikapita njia ileile iliyopita sukari na sabuni.

Asipopata nafuu, mama anakwenda hospitali ya serikali na daftari la shule mkononi. Daftari hilo ndilo faili la mgonjwa. Lifungue usome. Tarehe, kilo za mtoto, kisha maandishi ya haraka: HOB 3/7. Maana yake ni joto la mwili kwa siku tatu. Kinachofuata ni kipimo, dawa, sahihi.

Sasa sikiliza alichosema yule mama kabla ya kalamu kugusa karatasi. Alisema joto lilianza usiku waliporudi kutoka matangani. Alisema mtoto alishtuka usingizini mara mbili, akakataa titi, na kwamba huko matangani alipakatwa na watu wengi, mmoja wao akimkazia macho akimsifu jinsi alivyonona. Alisema pia kwamba huyu ni wa pili kuumwa hivi, wa kwanza walimzika. Yote hayo yakawa HOB 3/7. Simlaumu aliyeandika. Nje ya mlango wake kuna benchi limejaa, na foleni imepinda hadi kwenye kivuli cha mwembe. Lakini yaliyoachwa nje ya daftari ndiyo yatakayoamua mtoto ataletwa tena lini, atapewa dawa zote au nusu, na nani atafuatwa usiku hali ikiwa mbaya.

Siku hizi kipimo cha malaria kimefika hadi mlangoni. Mhudumu wa afya wa kijiji anafuta kidole kwa pamba, anachoma, anaweka tone la damu kwenye kibao cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole, anaongeza matone ya maji ya kipimo, wanangoja dakika kumi na tano au ishirini. Mstari ukitokea penye herufi C, kipimo kimefanya kazi. Ukitokea wa pili penye T, malaria ipo. Katika Bungoma Mashariki na Kiminini watafiti walijaribu kuunganisha kibao hicho na duka: aliyepimwa akakutwa na malaria alipewa vocha ya kununua dawa mseto kwa bei nafuu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba watu wengi zaidi walikubali kupimwa, na dawa zikawafikia zaidi wale waliozihitaji. Ni kazi nzuri, na ningependa kuiona katika kila kata.

Lakini fikiria siku ambayo mstari wa pili haukutokea. Mhudumu anatabasamu: "Hakuna malaria, mama." Kwake ni habari njema. Mama anamtazama mtoto, ambaye bado anawaka moto, kisha anauliza swali ambalo kibao hakina jibu lake: "Basi anaumwa nini?"

Mtu asiyepewa jibu hapo atalitafuta kwingine. Atarudi dukani kununua dawa ileile ya malaria, au ataambiwa ni taifodi, au atakwenda kuombewa, au atampeleka mtoto kwa mama mzee anayejua kuondoa jicho. Huko kote atapewa jina la ugonjwa. Mhudumu peke yake ndiye aliyemwambia ugonjwa si upi akaishia hapo.

Arthur Kleinman, daktari wa akili wa Marekani aliyefanya utafiti wake Taiwan, aliandika mwaka 1980 kwamba kuna hitilafu ya mwili kama daktari anavyoiona, na kuna mateso kama mgonjwa na jamaa zake wanavyoyaishi, na kwamba mara nyingi wawili hao wanazungumza huku kila mmoja anatibu jambo lake. Hiyo ni hoja ya chuo kikuu. Mimi napenda zaidi kazi iliyofanyika karibu na hapa, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, kule Bunyole, ambako watu wanasema lugha iliyo ndugu wa lugha za Waluhya. Mwanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte aliishi huko, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1997 kuhusu namna watu wanavyoihoji misiba yao. Hakukuta watu waliofungwa na imani. Alikuta watu wanaojaribu. Wanashika maelezo fulani, wanatumia dawa inayolingana nayo, wanatazama. Isipofaa, wanashika maelezo mengine. Sindano leo, kafara kesho, na keshokutwa sindano tena, bila mtu kuhisi kwamba ameikana dini yake au sayansi yake.

Yeyote aliyeuguza mtu Bungoma anaijua njia hiyo. Wageni wakiiona husema watu hawa wamechanganyikiwa. Mimi naona mtu mwenye maswali mawili. La kwanza ni: huu ni ugonjwa gani, na dawa yake ni ipi? La pili ni: kwa nini mtoto huyu, katika nyumba hii, wakati huu? Hospitali inalijibu la kwanza vizuri kuliko mahali popote. La pili hailijibu, na si kazi yake. Kosa lake ni kumcheka anayeliuliza.

Wabukusu, Waluhya wa huku Bungoma, wana majibu mengi kwa swali la pili. Mjerumani Günter Wagner aliyatafiti katika miaka ya 1930, wakati ambapo waliozaliwa kabla ya Wazungu kufika walikuwa bado hai: mizimu ya mababu iliyosahauliwa, mwiko uliovunjwa, laana ya mzazi, jicho, uchawi. Ukiitazama orodha hiyo kwa utulivu, utaona kwamba karibu kila jibu linataja uhusiano uliovunjika kati ya watu. Mtoto mchanga anayelia bila kunyamaza huenda anadai jina. Wazee wataita majina ya marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na lile litakaloitwa mtoto akanyamaza ndilo lake. Huo nao ni uchunguzi wa ugonjwa, na una mbinu yake na wataalamu wake.

Yapo pia magonjwa ambayo ni mwito. Mtu aliyezaliwa katika ukoo wa bakhebi, yaani watahiri, anaweza kuugua kwa namna isiyoeleweka: anakonda, hapati usingizi, anatetemeka, na dawa za dukani na za hospitali hazimsaidii. Wazee watasema ni kumusambwa, roho ya kazi ile inayorithiwa katika ukoo, inamdai ashike lukembe, kisu cha tohara. Akikubali na kutawazwa, anapata nafuu. Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili inapofika, na chinyimba, kengele za tohara, zinalia mikononi mwa vijana kutoka Chwele hadi viunga vya Kitale, utamkuta mtu huyo amesimama uani alfajiri, mkono umetulia kabisa.

Daktari angeweza kuyapa mateso yake jina lingine, akampa vidonge, na huenda vingemsaidia. Lakini tazama alichokipata kwa njia ya ukoo: kazi, heshima, nafasi ya kukaa mbele ya watu, na sababu ya kule kuumwa kwake. Vidonge havina hayo. Wala sisemi kwamba kila anayetetemeka ameitwa. Wengine wana kifua kikuu, na kifua kikuu hakisubiri kutawazwa kwa mtu.

Mila hiyohiyo imeonyesha pia jinsi maarifa mawili yanavyoweza kushikwa na mkono mmoja. Tangu ukimwi uingie, familia nyingi zinadai kisu kimoja kwa kijana mmoja. Nyingine humpeleka kijana hospitali akatahiriwe kwa ganzi, kisha sherehe ikafanyika nyumbani na nyimbo zote. Omukhebi anayesafisha lukembe kwa dawa ya kuua vijidudu hajioni amemsaliti babu yake. Kwake kuna kumusambwa na kuna virusi, na vyote viwili vinaweza kuua.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba maarifa haya yanakutana sawa kwa sawa. Hayakutani hivyo. Upande mmoja una chumba chenye kufuli.

Elijah Masinde alizaliwa Maeni, karibu na Kimilili, katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza. Alisoma kwa wamisionari wa Kikweka, akawa mcheza kandanda wa kusifika, akaajiriwa na mahakama ya kienyeji ya Kimilili. Baadaye aliachana na wamisionari, akaongoza Dini ya Msambwa. Mafundisho yake yalieleweka na kila mtu: Wabukusu warudi kwa Wele, Mungu wao, na kwa mizimu ya mababu zao, na Wazungu waondoke. Wakati wa vita vya pili vya dunia, serikali ilipokuwa ikiwaandikisha watu kwa lazima, alikataa na kupinga hadharani. Alifungwa. Mwaka 1945 alitolewa jela, akapelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nairobi. Alikaa humo hadi mwaka 1947.

Tazama hatua hiyo kwa makini. Mtu anasema ardhi nzuri ya Trans Nzoia imechukuliwa na walowezi. Ilikuwa imechukuliwa, Kitale yenyewe ulikuwa mji wao, na waliolima mashamba yale walikuwa vibarua na maskwota, wengi wao Wabukusu. Anasema mababu zake hawajatulia. Kwa watu wake hilo ni jambo la kawaida kusema. Anasema yeye ndiye aliyetumwa kuyasema hayo. Tumeshaona kwamba kwa Wabukusu mtu aliyeshikwa na msambwa ni mtu aliyeitwa. Dalili zilezile zilipoandikwa katika faili la serikali zikawa wazimu.

Aliyesimamia Mathari miaka hiyo, kuanzia 1938 hadi 1950, alikuwa daktari J. C. Carothers, ambaye alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Kutokana na alichokiona kwa wagonjwa wa Mathari na wafungwa wa Nairobi, aliandika juu ya akili ya Waafrika wote. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, ambamo alidai kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha andiko lake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Madai ya ardhi na uhuru yakageuzwa tena kuwa tatizo la akili. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimjibu katika kitabu chake cha mwaka 1961. Inanichoma kwamba shirika lililomchapisha Carothers ndilo ambalo katiba yake, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, inasema afya ni ustawi kamili wa mwili, wa akili na wa maisha ya mtu katika jamii, wala si kutokuwa na maradhi tu.

Haikuwa mara ya kwanza kwa tiba kutumika hivyo. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Louisiana, Samuel Cartwright, alitangaza kwamba amegundua ugonjwa unaowafanya watumwa watoroke kwa mabwana zao. Aliupa jina la Kigiriki, na miongoni mwa tiba alizopendekeza ni viboko.

Masinde alipotoka Mathari hakunyamaza. Septemba 1947 aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe, juu ya Webuye, kwenye ngome ambako Waingereza waliwaua Wabukusu mwaka 1895, wakafanya ibada ya kuwakumbuka waliokufa. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa watu Malakisi, wakaua watu 11. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, Masinde akakamatwa na kupelekwa kizuizini mbali na kwao, Lamu ikiwa mojawapo ya mahali alikoshikiliwa. Alirudi uhuru ulipokaribia. Serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku dini yake mwaka 1968, na alifungwa tena kabla ya kufariki mwaka 1987.

Hata kama akili yake ingekuwa inaumwa kweli, dai lake la ardhi halikuwa ugonjwa. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike. Anayekupa jina la ugonjwa amepata sauti juu ya mwili wako, juu ya maneno yako, na pengine juu ya uhuru wako. Ndiyo maana mgonjwa anayemkatalia daktari jina fulani mara nyingine anapigania jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Mwanamke anayekataa kuandikiwa "wasiwasi tu" wakati mgongo unamuuma yuko katika mapambano hayo. Kijana mwenye kifafa anayekataa kuitwa mwenye mapepo yuko humo pia, maana kanisa na ukoo navyo vina kufuli zao. Wapo waliofungwa kamba kwenye miti kwa jina la maombi.

Lakini sayansi inapofanya kazi yake kwa uaminifu, inakwenda polepole na kwa unyenyekevu. Upande wa Trans Nzoia wa Mlima Elgon, ndani ya hifadhi ya taifa, kuna pango liitwalo Kitum. Usiku tembo huingia humo gizani, wakipapasa kwa mikonga, kuchimba chumvi ukutani kwa pembe. Wasabaot walikaa na kufuga mifugo katika mapango ya mlima huo vizazi na vizazi. Mwanzoni mwa mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa mhandisi wa kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, aliugua baada ya kulitembelea pango hilo. Alisafirishwa kwa ndege hadi Nairobi akafia huko. Daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, aliambukizwa, akaponea chupuchupu. Mwaka 1987 kijana wa Denmark wa miaka 15, ambaye naye alikuwa ameingia Kitum, aliugua vivyo hivyo akafa.

Ugonjwa ulikuwa Marburg, wenye jina la mji wa Ujerumani ambako wafanyakazi wa maabara waliugua mwaka 1967 baada ya kushughulikia tumbili waliotoka Uganda. Mwaka 1988 watafiti wa jeshi la Marekani walikuja Kitum wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga mwili mzima, wakachukua sampuli za wanyama na wadudu, wakarudi bila kukipata kirusi. Ilichukua miaka mingine ishirini hivi, na uchunguzi wa mashimo ya migodi Uganda, hadi popo walao matunda walipothibitishwa kuwa ndio wanaokibeba. Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa ya kirusi hicho katika popo aliyechukuliwa Kitum kwenyewe.

Tunajua sasa ni nini kilichowaua wale wawili. Bado mtu anaweza kuuliza kwa nini wao, kati ya watalii wote walioingia na kutoka salama, na kati ya wafugaji wote waliolala mle. Jibu la sayansi ni bahati: popo gani, siku gani, mkono uligusa wapi. Ni jibu la kweli. Lakini jibu hilo halikumpa usingizi mzazi wa yule kijana, kama vile lake halitampa usingizi yule mama wa Bungoma. Swali la pili si la watu wasiosoma. Ni la kila aliyefiwa.

Mlima huohuo una majeraha yasiyotokana na kirusi. Kati ya mwaka 2006 na 2008 mgogoro wa mashamba ya Chepyuk uligeuka kuwa vita. Kundi la SLDF, wapiganaji wa Kisabaot, liliua, likakata watu masikio, likachoma nyumba. Machi 2008 jeshi liliingia kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, nalo likashutumiwa na mashirika ya haki za binadamu kwa kuwatesa wanaume waliokamatwa. Watu wa Kopsiro na Cheptais walikimbilia Bungoma, Kitale na ng'ambo ya Uganda. Miaka ikapita. Mjane wa vita vile anapofika zahanati anasema kichwa kinamuuma, kifua kinamwaka, miguu haina nguvu. Anapimwa malaria: hakuna. Anapimwa taifodi, anapewa dawa za taifodi. Mumewe alichukuliwa na hajulikani alipo, hivyo hakuna kaburi, hakuna matanga yaliyofungwa. Hakuna kipimo cha damu cha jambo hilo. Lakini mwili wake unaumwa kweli, na muuguzi akimuuliza maumivu yalianza lini, atautaja mwaka bila kusita.

Wabukusu, majirani wa mlima huo, wana taasisi ya msiba, khuswala kumuse. Mzee mashuhuri akifa, siku chache baada ya maziko msemaji kutoka koo zinazoruhusiwa hutembea huku na huko katikati ya waombolezaji waliokaa, akisimulia historia ya watu, akionya, akifariji, akiwarudisha walio hai katika maisha. Hakuna anayemwita daktari. Mimi naihesabu kazi yake kuwa ya afya, na kaunti ambazo zina madaktari wa akili wachache mno zingefanya vyema kuzungumza na watu kama yeye.

Nimesema haya yote nikijua gharama ya upande wa pili, na sitaki mtu anitumie kutetea hoja nisiyoitoa. Mtoto mwenye degedege la malaria ana saa chache. Akipitishwa kwanza kwenye maombi ya usiku kucha, anaweza kufa kabla ya asubuhi, na watoto wa namna hiyo wamekufa wengi mno. Mwenye virusi vya ukimwi aliyeacha dawa kwa sababu ametangaziwa uponyaji jukwaani anarudi akiwa amebebwa. Mitishamba si maji: baadhi inaharibu ini na figo, baadhi inagongana na dawa za hospitali. Upo pia mti uliopita mtihani. Magome ya Prunus africana, mti wa misitu ya milima kama Elgon ambao Wakalenjin huuita tenduet, yamesafirishwa Ulaya kutengenezea dawa ya tezi dume, hadi mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa ili mti usimalizwe. Na swali la pili, "kwa nini sisi?", likiangukia mikono mibaya, huishia kwa bibi kizee asiye na mtetezi anayeitwa mchawi. Anayetetea mila bila kumtaja bibi huyo hajaitetea kwa uaminifu.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya kienyeji. Inataka uwepo utaratibu wa waganga wa jadi kuwapeleka wagonjwa hospitalini, na inampa daktari haki ya kuelezwa dawa za kienyeji ambazo mgonjwa amekwisha kutumia. Ni haki ya maana. Lakini haipatikani kwa kuidai. Mama aliyefokewa mara moja, "Nani alikutuma kwa mganga?", safari ijayo atasema hakwenda popote, na daktari atatoa dawa akiwa gizani.

Kwa hiyo ninyi mnaohudumu Kitale, Webuye, Kimilili na Bungoma, naomba jambo moja linalowezekana hata foleni ikiwa ndefu. Kabla ya kuandika HOB, ulizeni: "Mama, wewe unadhani ni nini? Mmeshampa nini? Unaogopa nini zaidi?" Andikeni jibu kwenye daftari, kwa maneno yake, ili atakayempokea usiku alisome. Kipimo kikisema hakuna malaria, msimwache aondoke na neno hilo peke yake. Mwambieni mnachodhani ni nini, mtakachofanya, na dalili zipi zikitokea arudi mbio bila kusubiri kuche.

Na wewe unayempeleka mtoto, sema yote. Taja duka ulilopita, majani uliyochemsha, mzee aliyemgusa mtoto na maombi uliyoombewa. Ukifokewa, omba kuhudumiwa na mwingine, kisha useme tena.